Insha ya Klasi Tu

Jumanne, Kinoo

Na bado nimekasirika. Brayo, yule anayesinzia kila kipindi changu cha Kiingereza, leo amenipa insha isiyo na kichwa wala miguu. Nikamwita ofisini. Kumbe yeye huwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo, kazi ya mtandaoni! Akanionyesha moja kwenye simu. Nzuri ajabu. Sijui kama mimi ningeiandika vile.

"Sasa mbona yangu iko hivi?"

"Hiyo ni ya kastoma, Madam. Hii yako ni ya klasi tu."

Nikamfukuza. Ati ya klasi tu!

Nimefika nyumbani, nikafungua notisi za kuwafundisha kesho. Ni zile zile za miaka sita iliyopita. Nilichobadilisha ni tarehe.