Mchanga Usiochoka

Mama yangu mkwe,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa karakanani, cherehani imepumzika, na jambo la kwanza ninalotaka kujua ni habari za macho yako, kisha goti, kisha yule kuku wako mweupe anayetagia kwenye kapu la nguo. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, na kazi ipo. Kampuni ya mabasi imeniletea viti vya basi zima nivivishe upya, na nyumba imejaa sponji mpaka napita ubavu kwenda kitandani.

Shemeji, najua ni wewe unayemsomea mama barua hii. Nakuomba kwa heshima usiruke mstari, na usiongeze la kwako. Nafasi ya kunisema utaipata ukimaliza, wala sitajitetea. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu mama angeanza kunihurumia kabla sijafika katikati, na mimi ningekubali kuhurumiwa.

Mama, ninayotaka kusema yanahusu ile safari ya korongo.

Marehemu mke wangu aliitaka safari ile kuliko nilivyoelewa. Miaka yote aliyokaa dirishani akikata tiketi za basi, aliwakatia watu wa kila aina tiketi za kwenda jangwani, kwenye ule ukingo wa kutazamia korongo. Wakirudi walisimama dirishani pake kumsimulia, foleni nyuma yao ikinung'unika. Jioni alinisimulia mimi kana kwamba ametoka huko yeye mwenyewe: kuta za mawe mekundu, na ndege wanaoruka chini ya miguu yako badala ya juu ya kichwa chako. Mimi nilimjibu kwamba shimo ni shimo, hata nyuma ya soko lipo la takataka na halina nauli. Akaniambia mtu anayeshinda ameinamia makalio ya viti vya watu hawezi kujua mbali kukoje. Akapanga twende watatu, yeye, wewe na mimi, kabla presha ya macho haijakupofusha kabisa. Alininunulia na kofia, eti kipara changu kisije kikaiva. Halafu ikaja ile homa ya mapafu, na yaliyofuata uliyaona kwa karibu kuliko mimi.

Tulipotoka makaburini nilikuahidi kwamba nitakupeleka mimi. Ulinishika kiwiko ukaniambia nisiharakishe, lakini pia nisikawie, kwa kuwa siku hizi unaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo.

Nami nimekawia. Kwanza nilikuambia mchanga umefunga barabara ya jangwani. Baadaye nikakuambia umefunga tena. Mara ya tatu nikasema wanauzoa. Shemeji akaniandikia kwamba umeuliza huo ni mchanga gani usiochoka, na kwamba kama wenye barabara wamekosa koleo, wewe unalo uvunguni waje walichukue. Nilicheka niliposoma, kisha nikaikunja barua haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Wiki iliyopita shemeji aliniandikia tena. Anasema sasa unapapasa ukuta kutafuta mlango wa chumba chako mwenyewe. Anasema pia kwamba jirani yenu alisema basi la korongo linapita kila Jumamosi limejaa watu, hivyo huenda mkwe wako anakuzungusha, nawe ukamkata kauli. Ulimwambia amwache mkwe wako, kidonda chake bado kibichi, hana nguvu za kwenda mahali ambapo mkewe alipatamani akapakosa. Ukasema hujawahi kuona mwanamume anayemlilia mke kama mimi ninavyomlilia mwanao.

Maneno hayo, mama, ndiyo yaliyonikalisha hapa. Jirani yako amesema kweli. Barabara haijafungwa hata siku moja. Mchanga ule ulikuwa wangu.

Wiki ya tatu baada ya mazishi nilikwenda korongoni peke yangu. Nia yangu ilikuwa kukagua njia kabla sijakupeleka: ngazi zikoje, pa kushika ni wapi, choo kiko umbali gani. Nilikagua yote hayo. Kisha nikaenda ukingoni, kwenye ukuta mfupi wa mawe, na pale nikakutana na mpiga picha mmoja mwenye maneno mengi. Aliniambia niivue kofia yangu niitupe korongoni. Nikamwambia hiyo ni zawadi ya mke wangu. Akaniapia kwamba korongo lile si mwizi. Sijui nilipatwa na nini. Nikaitupa. Ikashuka, ikapotea kabisa, nikawa nimeshaanza kumtukana kimoyomoyo, mara upepo unaopanda kutoka chini ukaileta juu, ikanipita kichwani, ikaenda kumwangukia bibi mmoja mapajani.

Mama, nilicheka. Sikutabasamu kidogo kama mtu mwenye msiba. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikaitupa tena. Nikawafundisha na wengine kutupa za kwao. Tangu kofia iliporudi mara ya kwanza mpaka naondoka, na hili ndilo ninaloona aibu kulisema, sikumkumbuka mwanao hata mara moja. Nilikuwa mahali alipopatamani, nachezea kofia aliyoninunulia, na hakuwemo moyoni mwangu. Nilimkumbuka niliporudi stendi, nilipopita mbele ya dirisha lake nikaona mkono wa mtu mwingine ukihesabu chenji. Hapo nikaivua kofia, nikaificha ndani ya shati. Huyo uliyemtetea kwa jirani ndiye mimi.

Ningeweza kuzikwa na siri hiyo. Lakini dereva wa basi la kule alipoleta viti vyake aliingia hapa akiniita Mzee Meno. Nikamuuliza meno gani. Akasema mpiga picha alinipiga nikiwa katikati ya kicheko, mdomo wazi mpaka jino la mwisho, na ameikuza picha hiyo ikawa kubwa kama mlango, akaitundika hapo hapo basi linaposimama ili kuvutia wateja. Nilimtuma dereva akaombe iondolewe. Jibu likaja kwamba niombe kingine chochote, lakini si hiyo, kwa kuwa tangu itundikwe watu wanatupa kofia kutwa nzima.

Basi nikapiga hesabu zangu za woga. Nilijua tundu lako la ufunguo bado linatosha kuona kitu kikubwa namna ile. Nikasema moyoni, nikisubiri kidogo, hataiona. Ndivyo nilivyofikiri, mama. Nilikuwa nangoja macho yako yazimike ili uso wangu usalimike. Sijapata kuandika sentensi nzito kuliko hiyo, na wewe, shemeji, nakuomba umsomee mara mbili.

Sasa nisikilize, kama bado unataka kunisikia. Basi linaondoka Jumamosi asubuhi. Nimemwomba dereva akuwekee kiti cha mbele. Nimekivisha mwenyewe, hakitakuchoma mgongo. Mkifika mapema jua litakuwa linapiga ukuta wa upande wa pili, na wekundu wake hauhitaji macho makali. Usijaribu kuliona korongo lote kwa pamoja. Shika ukuta wa mawe, geuza kichwa polepole kutoka kushoto, nalo litakupitia kipande kwa kipande. Shemeji akushike upande wa kulia, ngazi ya mwisho imemomonyoka. Mimi nitakuwepo stendi. Ukisema nipande, nitapanda nikae nyuma. Ukisema nirudi nyumbani, nitawapungia mkono na kurudi, na safari haitaharibika kwa ajili yangu.

Picha iko kulia mnapotelemka. Shemeji atataka akupitishe haraka, maana ana huruma ingawa anaificha kwenye ulimi. Usimkubalie. Simama mbele ya picha uitazame vizuri, mama, ungali unaona. Nikiwepo, nitasimama kando kichwa wazi mpaka utakaposema neno.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na jirani yako pia, umwambie nimekiri. Goti lisahau kidogo Jumamosi, ulipake dawa Ijumaa. Mungu akutunze mpaka tuonane, au mpaka utakapotaka tuonane.

Ni mimi mkweo,
Fundi wa viti