Fundo la Mchana

Jumatatu, 10 Machi

Lida tatu, zile kamba za mwisho wa mshipi wa kuvulia, zinaning'inia kwenye nondo za dirisha. Kila moja nimeiunganisha kivyake. Ya kwanza kitanzi kwa kitanzi. Ya pili kwa pete ya chuma, ndogo kuliko shanga. Ya tatu kwa fundo la kuzungusha mara tatu. Talaso anapita chini yake ameinama, anasema nimemgeuzia sebule kuwa duka la nyuzi.

Roho ya kazi yangu iko pale kamba nene ya lida inapokutana na uzi mwembamba wa tipeti. Chini ya hapo kuna nimfu wawili, vidudu vya bandia vya manyoya na shaba vinavyozama. Trauti, samaki wa huko, wakivuta, uzi ukikatika, utakatikia pale. Na maji ya mlimani mwezi huu ni maangavu mno, siwezi kutumia uzi mnene. Samaki watauona.

Kuanzia kesho, kwa majaribio, namwongoza mgeni wa Mzee Kirimi, mwenye kambi ya uvuvi juu ya Timau. Mwisho ni Jumamosi. Nikifaulu, kazi ni yangu na kila jioni nitalala Isiolo. Nikishindwa, narudi Mara kwa watalii, nyumbani mara moja moja. Talaso ana mimba ya miezi mitano. Sitaki kurudi Mara.

Jumanne, 11 Machi

Mgeni ni daktari wa meno mstaafu kutoka Nairobi. Mama mpole, mkono mzuri. Nilianza na vitanzi kwa sababu ni rahisi kubadilisha. Vinene. Vikitua juu ya maji vinachapa, samaki wanakimbia. Nikavikata, nikamfungia fundo la mara tatu palepale mtoni.

Samaki wa kwanza alikwenda na vidudu vyote viwili. Wa pili pia. Mama Daktari hakulalamika. Afadhali angelalamika.

Nimefika nyumbani kwa lori la kabeji, adhana ya magharibi ikilia. Tende, maji, uji. Kisha nikafunga fundo lilelile, nikalitundikia jerikeni ya maji. Halikukatika. Sielewi.

Jumatano, 12 Machi

Leo pete. Pete ina sifa: tipeti ikiisha unafunga nyingine, lida haipungui. Lakini pete moja inataka mafundo mawili, moja juu moja chini. Nimepata nafasi mbili za kuaibika badala ya moja.

La chini limekatika asubuhi. Baada ya adhuhuri la chini tena. Ncha ya uzi imejikunja kama nywele iliyopita karibu na moto. Mama Daktari aliitazama kwa miwani ya kukuzia aliyokuwa akitazamia meno, akanirudishia. Akasema tu, "Pole, Guyo."

Mzee Kirimi alikuwa amesimama ng'ambo. "Guyo, huyu mgeni alikuja kushika samaki. Hakukuja kushika hadithi." Nilitamani maji yanibebe.

Nyumbani nimefunga pete, nikatundika jerikeni. Imeshika. Naanza kufikiri uzi wangu una mashetani ya mchana.

Alhamisi, 13 Machi

Fundo la kusokota. Jembamba, linapita kwenye vijipete vya fimbo bila kukwama. Lakini linataka nyuzi zinazokaribiana unene, na lida yangu ni nene mara mbili ya tipeti. Nilijua. Nikalifunga hivyo hivyo kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Limeteleza. Haki yangu.

Meneja wa Mara amepiga simu nikiwa njiani. Anataka jibu wiki ijayo. Mama mkwe naye kapiga kutoka Garbatulla kumuuliza Talaso kama mumewe bado anafuata nyoka wa maji. Kwao samaki si chakula, na mwanamume mzima kumfukuza, kisha kumwachilia, ni wazimu wa aina mbili. Talaso akamjibu kwamba mumewe siku hizi hamfukuzi, anamlisha tu. Nilicheka. Kisha nikatoka uani nikakaa peke yangu.

Niandike, maana siwezi kumwambia mtu. Naogopa. Mwaka juzi nilikuwa Mara mtoto wetu alipokuja kabla ya wakati. Hakulia. Shemeji yangu ndiye aliyemzika. Nilipofika, udongo ulikuwa umeshakauka juu, na Talaso alikuwa amefua nguo zote za nyumba, zote, zimeanikwa. Sitaki kusikia habari ya mtoto mwingine kwa simu.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi nilimwongoza mgeni kwa shida, samaki wadogo wawili tu. Mzee aliniruhusu kushuka kuswali. Hakuniangalia usoni.

Baada ya futari nikakaa na nyuzi zangu. Fundo la mara tatu tena. Nikazungusha, nikatia fundo mdomoni kulilowesha, nikavuta taratibu. Talaso alikuwa anamenya viazi. Akaacha kisu.

"Guyo, hiyo mate mchana unatoa wapi?"

"Mate gani?"

"Si uko na saumu. Unatia uzi kwa mdomo ukiwa umefunga?"

Sitii. Tangu mwezi uandame sijatia mchana. Jioni nalowesha bila kufikiri, lakini mtoni nimekuwa nikivuta mafundo makavu, na uzi mkavu ukivutwa unajichoma wenyewe. Kila mwanafunzi hufundishwa hilo siku ya kwanza. Mimi mwenyewe nimewafundisha wengine! Mdomo ulifunga saumu, mikono ikaendelea bila kuuliza.

Akaniuliza kwa nini basi sikuchovya mtoni. Nilikuwa nimesimama ndani ya mto, maji mapajani, nafunga fundo kavu. Talaso alicheka mpaka akashika tumbo. Nilinuna kidogo. Kisha nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumamosi, 15 Machi

Baada ya daku nilikuwa nimebakiza lida mbili na alfajiri ikaadhiniwa. Midomo yangu imefungwa tena. Talaso hafungi mwaka huu, daktari alimkataza. Akavuta kiti. Nilizungusha uzi mara tatu, akainamisha kichwa, akaliweka fundo midomoni mwake, akaliachia. Nikavuta. Likajikaza bila sauti. Nampenda huyu mwanamke kuliko ninavyojua kusema.

Nimechagua. Fundo la mara tatu na si lingine. Linabakiza mkia mrefu pembeni, pale namfunga nimfu wa juu, wa chini anazama zaidi. Pete nimeirudisha kwenye kopo.

Karibu na adhuhuri, chini ya jiwe kubwa, mshipi ulisimama tu. Mama Daktari akainua fimbo. Alikuwa mkubwa yule. Alishuka na maji, akapanda, akaingia kwenye mizizi, akatoka. Fundo likashika. Tulimwona akielea kwenye wavu, mgongo wa madoadoa, kisha mama akamwachilia kwa mikono miwili.

Ningependa kuandika kwamba lilikuwa fundo la Talaso. Hapana. Lile nililifunga palepale na kulichovya mtoni. La Talaso liliponasa kwenye mti tulilazimika kulikata kwa kisu, halikukubali kukatika.

Mzee Kirimi alisema atapiga simu.

Jumapili, 16 Machi

Hakupiga asubuhi. Hakupiga mchana. Nilifagia uwanja ambao Talaso alikuwa ameshaufagia.

Alipiga kabla ya magharibi. "Kuja kesho. Na ukuje mapema, wageni ni watatu."

Talaso alikuwa jikoni na sambusa. Nilimwambia nikiwa mlangoni. Alipunguza moto, akafuta mikono kwenye leso, akanijia. Akachukua mkono wangu akauweka tumboni, upande wa kushoto, chini kidogo.

Mtoto anacheza, akasema. Alianza kabla ya mwezi kuandama. Hakuniambia. Alikuwa anangoja kujua kama ninabaki, maana hakutaka niende Mara na habari hiyo, nikae nayo huko peke yangu kama mwaka juzi.

Adhana ikaanza. Tende ziko mezani. Hakuna aliyesogea. Niliacha mkono pale, wazi, bila kukandamiza.

Akacheza.

Tulifuturu tumechelewa.