Boma Zima Linangoja Mkono Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Umepotelea wapi wewe mwanamke? Tangu Krismasi hujashika kalamu. Ulijifunza kuandika kwa ngumbaru, shule ya watu wazima, tayari una wajukuu, kisha unaiacha kalamu ikauke. Aibu. Hakuna anayesoma hapa ila wewe. Ukijinyima, umejinyima mwenyewe.

Habari basi. Moyo uliniangusha pale kisimani nikiteka maji. Nikalazwa Homa Bay, miguu imevimba kama mihogo, pumzi haishuki. Daktari alisema moyo umepanuka, umechoka. Sasa ni dawa asubuhi, dawa jioni, na ile ya kukojoza. Nalala nimeketi, nimeegemea mito. Nikilala chali naona nazama.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua imeanza. Harufu ya udongo iliingia mpaka kitandani. Zamani ningeimba. Leo niliogopa.

Mimi ndiye mikayi, mke wa kwanza wa boma hili. Mzee alishatangulia, lakini desturi haikuzikwa naye: mpaka nitie mbegu mimi, hakuna mwanamke hapa atakayepanda. Si mke mwenzangu, Nyar-Asumbi. Si mke wa mwanangu, Nyar-Karungu. Shamba limeshalimwa. Wote wananitazama mikono.

Daktari alisema kazi ndogo ndogo naweza. Yeye hajawahi kuanguka kisimani.

Jumamosi, 8 Machi
Nilisinzia kibarazani mchana. Ziwa likapanda mlima polepole, bila kelele, likafika mlangoni. Moyo wangu ulikuwa ndani ya karai, unapanua mashavu kama samaki ngege aliyetolewa majini. Mzee akapita na ndoo. Nikamwambia aumwagie maji. "Mwagia wewe," akasema, akaenda zake. Shati lake lilikuwa kavu.

Niliamka nimeshika kifua. Siku hizi nausikiliza moyo kama mtu anayesikiliza mwizi nje. Nimechoka nao.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Nilisema miguu imevimba. Haijavimba. Naogopa kuinama. Naogopa kuinua jembe. Naogopa hata kucheka.

Nyar-Karungu alileta uji. Akasema kwa upole, "Mama, kanisani wanasema kupanda kwa zamu ni mambo ya zamani. Tunaweza tu kuanza."
"Basi mbona hamjaanza?"
Hawezi. Ana watoto wadogo, anaogopa laana ya chira iwapate. Nilimfokea aondoke. Kisha nikalia juu ya uji.

Majirani wamepanda wote. Shamba letu ni jeusi, limelala wazi. Watoto hawa watakula nini?

Jumatano, 12 Machi
Nyar-Asumbi alisimama mbele ya mlango wangu, mikono kiunoni, sauti ya kuita ng'ombe. "Mikayi! Ukitaka kufa, kufa! Lakini panda kwanza, mimi nina tumbo la kulisha!"

Nikacheka. Nikacheka mpaka machozi, na moyo haukusimama. Ndipo nikamwambia lile ambalo hata daktari sikumwambia. Naogopa, nyieka, mke mwenzangu. Nikiinua jembe nitaanguka, na safari hii sitaamka.

Maisha yetu yote tumegombania mume, sufuria, hata kivuli. Akakaa chini sakafuni. Akasema siku niliyochukuliwa hospitali alilala mlangoni pangu kama mbwa. Hakuna aliyeniambia.

Kisha akainuka, hasira zimerudi. "Na nani alisema jembe ni lako? Mbegu ndiyo yako. Jembe hata mimi ninalo."

Sijawahi kumwomba mtu anishike mkono. Nikamwomba yeye.

Ijumaa, 14 Machi
Tulikwenda umande ukingalipo. Nyar-Asumbi alichimba, mimi nikadondosha, nikafukia kwa mguu. Nyar-Karungu nyuma na kiti cha plastiki. Nikichoka nakaa, boma zima linangoja. Sikuona aibu.

Ukungu ulikuwa chini, sikuuona mwisho wa mstari. Ilikuwa kama kutembea ndani ya maziwa. Udongo vuguvugu. Mstari mmoja tu. Ukatosha. Wakaingia wao kupanda, mmoja baada ya mwingine, na kelele zao.

Moyo ulikuwa unapiga. Niliuacha ufanye kazi yake.

Mchana nililala ubavu. Sikuota kitu.

Wewe, ukirudi kwenye kurasa hizi, usianze kwa kukaa. Toka nje kwanza, uinamie ule mstari, uone kama mahindi yametoka. Ndipo uje uandike.