Sahani ya Peke Yake

Zuhura mjukuu wangu,

Marahaba. Mihogo imekubali mwaka huu, na dada yako wa Nzega kajifungua salama. Ila baba yako na shangazi yako hawasemeshani kwa sababu yangu. Nawe unaniuliza kama nitakubali kupelekwa kwenye makao ya wazee.

Usichanani mwangu nilipika kwenye makao kama hayo, hapahapa Tabora. Akaletwa mzee kutoka Choma, akagoma kula. Kila mlo anaisukuma sahani na kugeukia ukutani. Muuguzi alisema anaumwa, mimi nikaulaumu ugali wangu. Tulihofu atatufia mikononi. Siku moja sahani hazikutosha, nikawapakulia wazee kwenye sinia moja, mkekani. Yule mzee akashuka kitandani, akanawa, akala.

Akaniambia, "Binti, kwetu anayetengewa sahani yake ni yule anayeogopwa."

Jumamosi baba yako anakwenda kuyatazama makao hayo ya kunipeleka. Mwambie asihangaike na vitanda, awaulize wazee wa huko wanakulaje.

Na umwambie hili, maana mimi nimeshindwa. Tangu waanze kugombana, hata hapa nyumbani chakula changu kinaletwa chumbani, kwenye sahani.

Bibi yako