Laptopu Isiyovuma

Uthiru,
Nairobi.
Jumapili, 18 Mei 2025.

Mpendwa Dada Kaindi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Habari za Windhoek? Goti lako la kushoto linaendeleaje, na wale wasichana wa bweni unaowapikia, bado wanachagua chakula? Wifi yako Nzula aliniambia sauti yako ilikuwa imekauka mlipoongea juma lililopita. Naomba iwe ni vumbi tu wala si kifua. Sisi hatujambo. Mvua imenyesha hadi njia ya huku nyuma imegeuka tope tupu, lakini nyumba haivuji, na mwanetu Kasiva amerudi shuleni akiwa na afya njema.

Dada, nakuandikia kukushukuru, ila kabla ya shukrani sina budi kukiri jambo. Tangu uninunulie laptopu umenipigia mara tatu kuuliza inaendeleaje, na mara zote tatu nilikujibu kwamba inafanya kazi barabara. Nilikudanganya. Ilikuwa inaganda na kujizima ovyo. Niliona aibu kumwambia mtu aliyejinyima kwa ajili yangu kwamba zawadi yake inanitoa jasho.

Wajua tangu macho yangu yaishe nikaacha kufundisha, huu ni mwaka wa tatu, sikuwa nimepata kazi. Wiki ile ile laptopu ilipofika, ofisi moja ya huko Loresho ilinipa jaribio. Wana rekodi za wakulima wa Makueni wakieleza kwa Kikamba jinsi mvua na mashamba yao yalivyobadilika. Kazi yangu ni kusikiliza, kuandika maneno yao, kisha kuyatafsiri kwa Kiswahili. Nilipewa rekodi kumi na majuma mawili. Msimamizi wao, Becky, aliniambia waziwazi kuwa akiridhika nitapata kazi kamili.

Siku ya tatu nilikuwa namsikiliza mzee mmoja akizungumzia mbaazi zake. Mara ile sauti ya mashine, inayonisomea kila ninachoandika, ikakatika katikati ya neno. Nikabonyeza kila kitufe. Kimya. Mwenye macho huona skrini imeganda, akajua moja. Mimi nilibaki sijui kama ni mashine imekufa, ni umeme umepotea, au ni masikio nayo yameamua kufuata macho. Nzula aliporudi kutoka kwenye ushonaji wake aliniambia mshale umesimama mahali pamoja, hausogei. Tukaizima kwa nguvu. Kazi ya asubuhi nzima ikaenda.

Tangu hapo ikawa kila siku. Nilijifunza kuhifadhi kazi kila baada ya sentensi mbili, kama mtu anayetembea akishika ukuta.

Kuna kijana anayetengeneza simu hapa karibu, Quincy. Alisema ni virusi, akafuta kila kitu na kuweka programu upya. Ikaganda jioni hiyo hiyo, tena sasa bila ile sauti, maana nayo aliifuta. Nilipoteza siku mbili kabla ya kuirudisha.

Basi mimi na Nzula tukaipeleka mjini kwenye duka ulikoagiza. Jamaa wa pale hakunisemesha hata mara moja. Kila alichotaka kuuliza alimuuliza Nzula, nami nimesimama papo hapo. Mwishowe akamwambia, "Mama, mwambie asiwe anagusagusa vitu hajui." Dada, mimi niliyefundisha miaka kumi na minane! Walikaa nayo siku nne, kisha wakaturudishia wakisema haina shida yoyote. Nadhani waliiwasha, wakaitazama dakika kumi, wakaizima.

Siku iliyofuata ikaganda tena. Nilikuwa peke yangu nyumbani. Kwa hasira nikaikumbatia kifuani nikitaka kuitupa kitandani, na hapo ndipo nikahisi joto lake. Ilikuwa moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Nikatulia. Nikaiweka mezani, nikaiacha ipoe, nikaiwasha tena na kulaza sikio juu yake. Nikakumbuka mashine tulizokuwa nazo shuleni. Zote zilikuwa zikivuma, na zikipata joto zilivuma zaidi. Hii yangu haikuwa imewahi kuvuma hata siku moja. Nilikuwa nikiisifu kwa wageni kwamba ni mpya, imetulia.

Kuanzia hapo nikaipima kama daktari. Kitandani juu ya blanketi ilidumu dakika ishirini. Mezani, arubaini. Asubuhi ya baridi nikaipeleka nje kwenye saruji, ikadumu saa moja na nusu. Nikawa sina shaka tena: feni ya ndani haizunguki.

Lakini majuma mawili yalikuwa yamekwisha nami nina rekodi nne tu. Nikampigia Becky na kumwambia ukweli. Nilitarajia aniage kwa heshima. Badala yake aliniongezea siku nane, akanipa nambari ya fundi wa ofisi yao, mwanamke aitwaye Jacklyne Oyoo, mwenye chumba kwenye ghorofa ya pili pale karibu na Moi Avenue.

Tulipofika kwa Jacklyne, Nzula alianza kueleza. Jacklyne akamwomba radhi, akasogeza kiti chake hadi magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Mwalimu, nieleze wewe," akasema. "Ni wewe unakaa na hii mashine. Kabla igande, unasikia nini?"

"Sisikii kitu," nikamjibu. "Na hiyo ndiyo shida yenyewe. Feni haivumi."

Hakucheka. Nikamsimulia habari ya kitanda, meza na saruji. Aliniuliza kama kuna mtu aliyewahi kuifungua, na Nzula akakumbuka kwamba wale wa dukani waliifungua kuongeza memori kabla ya kuituma kwetu. Jacklyne akatoa skrubu moja moja, nikizisikia zikidondoka kwenye kisahani. Kisha akasema, "Mwalimu, leta mkono."

Akakiongoza kidole changu taratibu. Nikagusa feni, ndogo kama kifuniko cha chupa ya maziwa, na kando yake waya mwembamba kama uzi wa cherehani, ncha yake ikining'inia bure. Walipokuwa wakiongeza memori waliuchomoa, wakasahau kuurudisha. Jacklyne akauchomeka, akafunga, akawasha.

Dada, ikavuma.

Nilikaa pale nikisikiliza mvumo ule kama mtu anayesikiliza mtoto wake akilia kwa mara ya kwanza. Jacklyne akasema angekuwa na wateja watatu wanaosikiliza namna ile, angefunga kazi mapema kila siku.

Nzula alitaka twende moja kwa moja dukani tukaseme nao. Nikaona heri nipige simu. Nilimweleza yule jamaa kilichopatikana, nikamwomba akague na nyingine alizozifungua, maana huenda kuna mwingine anateseka. Akasema, "Pole sana, mwalimu." Nikaipokea pole yake.

Rekodi sita zilizobaki nilizimaliza siku moja kabla ya muda, na mashine haikuganda hata mara moja. Ijumaa hii Becky amenipigia. Nimepata kazi, Dada, miezi sita kwanza. Asante. Asante kwa kuamini kwamba bado mikono yangu ina kazi, wakati ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kuamini.

Kuna jambo la mwisho. Barua zangu zote za miaka hii mitatu ziliandikwa na Nzula, nami nikimtajia maneno. Hii nimeiandika mwenyewe, kila herufi, na hakuna aliyeiona. Kwa hiyo leo naweza kukwambia nilichoshindwa kumtajia mtu mwingine. Ulipokuja kumzika Baba, nilijifungia chumbani nikasema nina homa. Sikuwa na homa. Sikutaka unione hivi. Ulikaa nje ya mlango ule muda mrefu, nilikusikia ukipumua, na sikufungua. Nisamehe, dada yangu. Ukija tena, nitakungoja uwanja wa ndege mimi mwenyewe.

Nisalimie shemeji Muli na watoto wote. Nzula anakushika mkono, na Kasiva anakusalimu sana. Mungu akulinde katika nchi hiyo ya mbali, akupe usingizi mwema na goti jepesi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye siku zote,

Kisilu