Mawifi Wawili, Milango Inayotazamana

Jengo la Pili, Chini,
Nyumba za Halmashauri.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Msumari,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona? Mara ya mwisho tulipoongea ulikuwa unakohoa kama injini ya lori, na tangu siku hiyo mama hakutaji bila kukitaja na kifua chako. Tafadhali vaa vizuri unapokwenda kazini. Sisi tu wazima. Magoti ya mama yanauma yakijisikia, shemeji yako anakoroma kama kawaida, na wapwa zako kazi yao ni kukua na kumaliza viatu.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana habari hii haifai kukatizwa na salio.

Mama amepata nyumba. Rudia kusoma ukitaka, mimi mwenyewe niliuliza mara mbili.

Unaukumbuka uwanja wa gereji ya mabasi, zile nguzo za zege zilizosimama uchi hadi watu wakazifunga kamba za kuanikia nguo? Wote tulikuwa tumekata tamaa. Halmashauri ilipotangaza mkandarasi mpya, shemeji yako alicheka hadi chai ikampalia. Sasa ananyamaza kila tukipita pale. Majengo yamesimama, maji yanafika hadi ghorofa ya juu kabisa, na kodi unapangiwa kulingana na kipato chako. Sisemi kila kitu kimenyooka. Mlango wa jikoni wa mama ulikuwa unakwaruza sakafu, na sinki lilivuja tangu siku ya kwanza. Lakini nilipiga simu, fundi wa halmashauri akaja, akatengeneza, akaenda zake bila kuomba hata soda. Nilimsindikiza kwa macho dirishani, siamini.

Tatizo lilianzia kwenye kura. Wazee walitengewa nyumba za chini, na nani apate ipi ikaamuliwa ukumbini, mchana kweupe, kwa vikaratasi ndani ya ndoo. Mama aliposoma namba yake alipiga vigelegele hadi mwenyekiti akatabasamu. Kisha akaitwa mzee aliyepata nyumba inayotazamana na yake, mlango kwa mlango. Akainuka shangazi.

Ndiyo, shangazi yetu huyo huyo, dada yake baba. Hujasahau alichosema siku tuliyomzika baba, mbele ya umati, kwamba mama alichelewa kumpeleka hospitali. Tangu siku ile hawajapeana hata salamu. Kwenye harusi yangu ilibidi niwapange pande mbili za ukumbi kama timu za mpira.

Mama alirudi nyumbani amefura.

"Siingii," akasema. "Nifungue mlango asubuhi nikutane na uso ule? Bora nibaki hapa hapa."

Hapa hapa ni kile chumba kinachovuja, na mwenye nyumba alikuwa ameshampa notisi. Isitoshe, ukikataa nyumba ya halmashauri unarudishwa mkiani mwa foleni. Nilipomweleza hivyo, akaniuliza tangu lini nimekuwa msemaji wa halmashauri. Msumari, nilikwenda jikoni nikalia. Miaka yote hiyo tunasubiri, halafu nyumba itupite kwa sababu ya mlango wa jirani!

Afisa makazi ndiye aliyenipa pumzi. Ni mama mmoja mwenye sauti nzito, hapindishi maneno. Aliniambia wapangaji wanaruhusiwa kubadilishana nyumba iwapo wote wameridhia na sababu inaeleweka. Tukasikia kuna kinyozi wa ghorofa ya tatu anayetafuta nyumba ya chini. Mama hakungoja. Alivaa viatu vyake vya kanisani, akanishika mkono, twende.

Tulizipanda zile ngazi kwa kupumzika kila kona. Mama anahema, lakini ukimwambia turudi anakukata jicho. Tulipofika tukakuta mlango wa kinyozi uko wazi, na ndani kuna sauti ya mwanamke anabembeleza: "Mwanangu, nakuomba tubadilishane. Kuna mtu pale siwezi kuishi naye karibu."

Alikuwa shangazi. Amepanda peke yake, na fimbo yake.

Kinyozi wa watu akabaki katikati, ameshika kitana. Akatutazama mmoja mmoja. "Mama zangu," akasema, "mimi nyumba ninayo moja tu."

Hakuna aliyecheka. Mama alimkazia macho shangazi kuanzia usoni hadi kwenye ule mguu wake uliovimba.

"Umepandaje na mguu huo?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza.

"Na wewe umepandaje na magoti hayo?"

"Nimeletwa na binti yangu."

"Mimi sina wa kunileta," shangazi akajibu.

Mama akakaa kwenye ngazi, pale pale nje ya mlango. Baada ya muda shangazi naye akatoka, akakaa ngazi ya chini yake. Mimi na kinyozi tukajifanya tunakagua ukuta.

"Wifi," shangazi akasema, "siku ile nilitafuta wa kumlaumu. Wewe ndiye uliyekuwa karibu."

"Ulinivua nguo mbele ya watu."

"Nilikuvua."

"Nilimpeleka mapema. Wakaniambia nimrudishe nyumbani, atapona. Hukuwahi kuniuliza."

"Sikukuuliza," akasema shangazi. "Nisamehe, wifi."

Usidhani walikumbatiana. Mama alitazama mikono yake. Halafu akasema sakafu ile ina baridi, wazee hawapaswi kuikalia, akasimama na kumpa shangazi mkono ainuke.

Kinyozi naye hakuambulia kitu. Alitangulia kushuka kumwomba afisa makazi, aliyekuwa uani siku hiyo, akaulizwa anaitakia nini nyumba ya chini. Akajibu kwa ukweli wake wote kwamba anataka kunyolea wateja dirishani. "Hizi ni nyumba za kulala watu, si za kunyolea," akaambiwa, na mjadala ukaishia hapo. Sisi tulishuka taratibu, mama na shangazi wameshikana viwiko, mimi nyuma na fimbo.

Tulimhamisha mama mwanzoni mwa mwezi uliopita, na shangazi akahamia wiki hiyo hiyo. Hawajawa malaika. Juzi waligombana kuhusu nani ameanika shuka mbele ya dirisha la nani, na redio ya shangazi inasikika hadi mtaa wa pili. Hata hivyo Alhamisi nilipita kwa mama, nikapiga hodi, kimya. Nikapiga tena, nimeanza kuingiwa na hofu. Mlango wa nyuma yangu ukafunguliwa, mama akachungulia kikombe mkononi.

"Unabisha nini pale? Tuko huku."

Sasa lililobaki ni wewe. Omba likizo mapema. Nyumba ina vyumba viwili, kitanda chako kimeshatandikwa, na mama hataki mtu yeyote akiguse.

Shemeji yako anakusalimu, wapwa zako wanakusalimu na wanataka picha yako ukiwa kazini. Mama anakusalimu na kukuombea usiku na mchana. Shangazi amekaa hapa mezani kwa mama nikiandika, amenisimamia niandike maneno yake kama yalivyo: ukija, anza kwake, chai ya mama yako haina sukari. Mama amesikia.

Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipojibu barua zangu.