Kitufe Kilichomezwa na Kamera

Ndeshi, uko? Nimetoka kuona maajabu, bado nina hasira.

Unaujua ule mfumo wa kompyuta tunaowatengenezea waongoza watalii wa Mlima Meru. Leo mimi na bosi wangu Abdiel tumempelekea Mama Theresia, mwenye kampuni, ofisini kwake Njiro. Ana laptop mpya, zile ambazo kamera imemega kipande cheusi juu ya skrini, katikati.

Mama akauliza, "Kitufe cha kuita waokoaji kiko wapi?"

Tukakitafuta skrini nzima, wapi!

Kitufe CHA WAOKOAJI, Ndeshi! Abdiel alikibandika juu katikati, eti ndipo macho yanapoanzia. Kimejificha nyuma ya kile cheusi, hakionekani kabisa.

Na nilimwambia! Nilisema tukisogeze pembeni, laptop nyingi siku hizi ziko hivyo. Akanicheka: "Violet, wewe chagua rangi tu."

Sasa sikia alivyomjibu mama. "Kipo, mama, ila kompyuta yako ina kasoro."

KOMPYUTA YAKE INA KASORO. Mtu mzima, na tai shingoni!

Mama akamwangalia weee. "Mwaka jana mpagazi wangu Lesian alizimia kule juu, tukachelewa kumfikia. Hakurudi. Ningeiambia familia yake kwamba kompyuta ina kasoro?"

Abdiel akachekacheka. ALICHEKA, Ndeshi.

Nikatoa simu, nikamwonyesha mama mchoro wangu, kitufe chekundu kiko pembeni. Akautazama, kisha akamgeukia Abdiel. "Baba, wewe utusubiri nje."

Akatoka. Nimemaliza kikao peke yangu, na sijamwonea huruma hata kidogo.